Kabla ya wati kuna hewa: jibu kwa mpiga besi mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga besi ya nyuzi nne, huu ni mwaka wa pili. Siku nyingi najifunza chumbani, ila mara mbili kwa wiki nafanya mazoezi na bendi yenye dramu, magitaa mawili na kinanda. Nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Nimeona amplifaya ndogo ya besi ya wati 100 yenye spika yake ndani. Nimeona nyingine ya wati 500, nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja. Na nimeona spika kubwa yenye amplifaya ndani, imeandikwa wati 2000. Kusikiliza muziki nako nakupenda sana. Ninunue ipi, na je, nitaweza kusikilizia muziki hiyohiyo? Halafu kuna jambo linanisumbua. Amplifaya ya kuazima ninayotumia chumbani, nikibonyeza G kwenye uzi wa E inanguruma mpaka kabati linatetemeka, lakini F ya uzi wa D inafifia kabisa. Ni mbovu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo, la kwanza litakuwa limejijibu nusu.

Amplifaya si mbovu. Kinachonguruma ni chumba. G uliyoitaja ina mitetemo 49 kwa sekunde, yaani hezi 49. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa mita 7, na nusu yake ni mita 3.5. Chukua futi ya kupimia, upime chumba chako kutoka ukuta hadi ukuta. Sitashangaa ukikuta upande mmoja unakaribia kipimo hicho. Wimbi linapogonga ukuta na kurudi, linakutana na wenzake wakiwa kwenye hatua ileile, wanasukumana, na noti inavimba kuliko jirani zake zote. Ukitaka kuhakikisha, mwombe mtu aendelee kuipiga hiyo G huku wewe unatembea polepole kutoka ukutani kwenda katikati ya chumba. Ukutani itakuvuma kifuani. Ukifika katikati itanywea kana kwamba mtu amepunguza volyumu.

Hesabu yake ni nyepesi, nami humpa kila mwanafunzi wangu: gawanya 171.5 kwa urefu wa chumba katika mita, utapata hezi ambazo chumba hicho kitazikuza kwanza. Chumba cha mita 4 hukuza karibu hezi 43, ambazo ni jirani wa E iliyo wazi yenye hezi 41. Cha mita 3 hukuza hezi 57, karibu na A iliyo wazi yenye 55. Kwa hiyo mpiga besi mwenzako akikuambia amplifaya fulani "ina E nzito sana", muulize kwanza aliisikilizia wapi.

Na ile F inayofifia? Hapo nadhani chanzo ni ukuta ulio nyuma ya spika. F ya uzi wa D ina hezi 87, na robo ya wimbi lake ni karibu mita 1. Spika ikikaa mita 1 mbele ya ukuta, sauti inayorudi kutoka ukutani huwa imesafiri nusu wimbi zaidi ya ile iliyokwenda mbele moja kwa moja, na hizo mbili zinauana. Isogeze spika karibu kabisa na ukuta, au ibadilishie mahali, halafu sikiliza tena. Ila usiitumbukize kwenye kona. Kona huongeza besi yote kwa pamoja, na G yako itazidi kuwa jeuri. Ukishapata mahali pazuri, punguza hezi 50 kidogo kwenye ikwalaiza kama unayo. Usipoteze fedha kwa sponji nyembamba za ukutani wala trei za mayai. Wimbi la mita 7 halijui kama vitu hivyo vipo. Vinanyonya sauti kali za juu tu, na chumba kinabaki na mngurumo wake huku kimepoteza mng'ao wa sauti.

Nimeanza na chumba kwa makusudi. Watu wengi hubadilisha amplifaya mara tatu kutafuta dawa ya ugonjwa ambao ungepona kwa kusogeza spika hatua mbili.

Sasa tuingie kwenye kifaa chenyewe. Besi, kabla ya kuwa wati, ni hewa inayosukumwa. Ukitaka spika itoe sauti yenye nguvu ileile oktava moja chini, koni yake, yaani ule uso wa mbele unaotetemeka, lazima isukume hewa mara 4 zaidi. Kutoka E ya hezi 82 kwenda E ya hezi 41 ni mara 4. Kwa besi ya nyuzi tano, ambayo B yake iko hezi 31, safari ni ndefu zaidi. Ndiyo maana spika ndogo ya inchi 8 inapiga vizuri noti za katikati, lakini ukiishusha chini koni inaruka mbele na nyuma bila kutoa kitu cha maana. Unafikiri unasikia E yake ya chini, na kwa namna fulani unaisikia kweli: sikio likipata mitetemo ya juu ya noti ile, yaani ya 82, 123 na 164, hujijengea lenyewe msingi wa 41 uliokosekana. Chumbani ujanja huo wa sikio unatosha. Mpiga dramu akianza, hautoshi tena.

Kwa hiyo angalia eneo la koni na ukubwa wa boksi. Ili kulinganisha spika haraka, zidisha inchi zake kwa zenyewe, kisha zidisha kwa idadi ya spika. Spika moja ya inchi 15 inakupa 225. Mbili za inchi 10 zinakupa 200. Moja ya 12 inakupa 144, na nne za 10 zinakupa 400. Utaona kwamba ile imani ya mitaani kuwa "kumi na tano ndiyo besi, kumi ni za kukata tu" haina msingi. Spika mbili za 10 kwenye boksi lililopigiwa hesabu vizuri zinaweza kushuka chini kuliko 15 iliyowekwa kwenye boksi la kubahatisha. Boksi ndilo linaloamua. Mwaustralia Neville Thiele alionyesha mwaka 1961 jinsi ya kukokotoa boksi lenye tundu kwa vipimo vya spika yenyewe, Richard Small akaiendeleza kazi hiyo miaka ya 1970, na tangu hapo mtengenezaji makini hana sababu ya kukisia.

Kuna sheria moja hapa isiyokwepeka, wajenzi wa spika wanaihusisha na Hofmann, ambaye ni ile H katika jina la kampuni ya spika ya KLH. Inasema hivi: boksi dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa nguvu kidogo, chagua mawili. Vyote vitatu hupati. Ukiona kijiboksi kinachoshuka chini kweli, ujue kinakula wati nyingi mno. Ukiona chenye sauti kubwa kwa wati chache, ujue kimekata chini. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilipotoa SVT, amplifaya ya valvu (mirija ya kioo) ya wati 300, kabineti yake, yaani boksi la spika, ilikuwa na spika 8 za inchi 10 na ilihitaji wanaume wawili kuibeba. Haikuwa kubwa kwa kujionyesha. Walitaka sauti, wakalipa kwa ukubwa.

Hapa ndipo wati zinapoingia, na ninataka uzisome kwa utulivu. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3, ambazo sikio huziona kama hatua moja ya wazi, si zaidi. Ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara 10. Kwa hiyo kutoka wati 100 kwenda 500 unaongeza desibeli 7 tu. Bado hujafika hata hiyo mara mbili. Sasa linganisha na kipimo ambacho wauzaji hawakitaji: unyeti wa spika, yaani desibeli zinazotoka kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kabineti ya desibeli 97 ukiipa wati 250 inafanya kazi sawa na kabineti ya desibeli 91 iliyopewa wati 1000. Desibeli 6 za unyeti ni sawa na amplifaya yenye nguvu mara 4. Namba hiyo, kwa bahati mbaya, mara nyingi hupimwa kwenye sauti za katikati, kwa hiyo haikuambii yote kuhusu E yako; lakini inakuambia mengi kuliko herufi kubwa za nje ya katoni.

Na hizo wati 2000? Soma maandishi madogo. Kuna wati za mfululizo, ambazo kifaa kinaweza kuzitoa bila kupumzika, na kuna wati za kilele, za kufumba na kufumbua. Marekani iliweka kanuni mwaka 1974, kupitia Tume yake ya Biashara, kuwabana watengenezaji wa vifaa vya nyumbani watangaze nguvu kwa namna inayoeleweka, kwa sababu namba zilikuwa zimegeuka ngano. Spika ya kilele cha 2000 kwa kawaida huwa na amplifaya ya mfululizo ya 1000 au chini ya hapo, na sehemu ya hizo ni za twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Haina maana ni kifaa kibaya. Ni kifaa kizuri mara nyingi, ila si mara 20 ya ile ya wati 100.

Jambo jingine kuhusu spika za aina hiyo: zina ulinzi wa ndani. Ukizisukuma sana, kitu cha kwanza kukatwa ni besi, ili koni isiraruke. Utakuwa unapiga kwa raha, wimbo unapanda, dramu zinapanda, halafu noti zako za chini zinayeyuka huku taa ya onyo inawaka. Hiyo ni busara ya mtengenezaji, lakini jukwaani inaumiza.

Ile ya wati 500 uliyosema unaibeba kwa mkono mmoja, je, ulitazama kama ina spika? Nina hakika karibu kabisa kwamba haina. Hizo ni amplifaya tupu za daraja D, ambazo hubadili sehemu kubwa sana ya umeme kuwa sauti badala ya joto, ndiyo maana zina kilo 2 au 3 tu wakati za zamani za transista zilikuwa 15 na za valvu zikapita 30. Bila kabineti haitoi hata mlio. Halafu angalia maandishi nyuma yake: wati 500 huwa ni kwa omu 4, omu ikiwa kipimo cha upinzani wa spika kwa umeme. Ukiiunganisha na kabineti moja ya omu 8 utapata karibu nusu, tuseme 250 au 300. Usisikitike. Kabineti ya pili ya omu 8 ukiipata baadaye, mbili hizo zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Unafungua nguvu yote ya amplifaya na unaongeza eneo la koni maradufu kwa pamoja. Hapo unapata karibu desibeli 6, na hiyo ndiyo nyongeza ya kweli ambayo hakuna nobu inayoweza kukupa. Kama ukinunua kabineti ya omu 4 leo, nyingi ya amplifaya hizi hazitakubali ya pili, kwa sababu mtashuka hadi omu 2. Mimi niliwahi kulifanya kosa hilo nikiwa na umri kama wako: kabineti mbili za omu 4, amplifaya ya transista isiyoruhusu chini ya 4. Ilivumilia nyimbo sita. Ya saba ikazima, na harufu iliyotoka humo naikumbuka mpaka leo.

Kwa amplifaya za valvu hatari ni tofauti kidogo: kamwe usiiwashe na kuipiga bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya kutolea sauti huweza kuungua. Na kwa zote, kebo ya kutoka amplifaya kwenda kwenye kabineti lazima iwe kebo ya spika. Ile ya gitaa inafanana nayo kwa jeki, lakini ndani ina uzi mwembamba uliovikwa wavu. Haikuumbwa kubeba nguvu hiyo.

Basi ninunue ipi, umeuliza. Kwa bendi yenye dramu na magitaa mawili, ya wati 100 yenye spika ndogo itakuchosha. Itakutosha kwa mazoezi ya adabu, mpiga dramu akiwa na huruma, na wenye huruma ni wachache. Mimi ningekuwa mahali pako ningechukua ile amplifaya nyepesi ya wati 500 pamoja na kabineti moja ya omu 8, ya spika mbili za inchi 10 au moja nzuri ya 12, hata ikibidi amplifaya iwe ya mkono wa pili ili fedha iende zaidi kwenye kabineti. Amplifaya za leo zinafanana sana kwa ndani. Kabineti hazifanani. Na usinunue amplifaya ya gitaa kwa kudanganywa na bei. Spika zake zimejengwa kwa safari fupi ya koni, na uzi wako wa E utazirarua.

Kuna hali moja ambayo ningegeuza ushauri wangu. Kama bendi yenu ina mitambo mizuri, fundi wa sauti, na besi yako inapelekwa kwenye miksa kwa boksi la DI (kijisanduku kinachoiandaa sauti ya ala iingie kwenye miksa), basi kifaa chako kinahitaji kukusikilizisha wewe tu pale ulipo, na ile spika kubwa yenye amplifaya ndani inakuwa chaguo la heshima. Lakini usiichomeke besi humo moja kwa moja. Besi isiyo na betri inataka kuingia kwenye mlango wa upinzani mkubwa, kama omu milioni 1. Ukiipeleka kwenye mlango wa miksa wa omu elfu chache, sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Weka katikati kijiamplifaya cha awali au boksi la DI lililo hai, yaani linalotumia umeme.

Tuje kwenye kusikiliza muziki, jambo ambalo umelitaja kwa upole ila naona liko moyoni mwako. Amplifaya ya besi ni nusu ya ala. Kazi yake ni kuipa besi rangi: kuvimbisha hapa, kukata pale, kuchachua kidogo ukikaza geini. Kampuni ya Fender walipotoa amplifaya ya Bassman mwaka 1952 waliikusudia besi, lakini waliokuja kuipenda kuliko wote ni wapiga gitaa, kwa sababu ya namna ilivyopasuka sauti ikipandishwa. Hakuna aliyelalamika kwamba inabadilisha sauti. Kubadilisha ndiyo kazi yake. Mfumo wa kusikilizia kazi yake ni kinyume: usiongeze neno, usipunguze neno. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown mjini Detroit miaka ya 1960, mara nyingi studio alichomekwa moja kwa moja kwenye miksa, bila amplifaya mbele yake. Unene wote unaousikia umetoka kwenye vidole vyake, nyuzi zake na mikono ya mafundi. Ukiupitisha kwenye amplifaya yako ya besi, unaupaka rangi mara ya pili, tena kwa spika moja wakati wimbo una kushoto na kulia, na bila sauti za juu kabisa, kwa kuwa kabineti nyingi za besi zisizo na twita huanza kuchoka kwenye hezi 4000 au 5000. Matoazi yanageuka kuwa kikohozi.

Kinyume chake nacho hakifai. Usichomeke besi kwenye redio au mfumo wa nyumbani. Wimbo uliorekodiwa umeshabanwa, vilele vyake vimeshakatwa. Kidole gumba chako kinachochapa uzi hakijabanwa na mtu yeyote. Nilimwona rafiki yangu akipoteza spika ya kushoto ya sebuleni kwao kwa namna hiyo, kwa mpigo mmoja, na sauti ilikuwa bado ndogo.

Kwa hiyo kwa muziki nakushauri hedifoni nzuri ya waya, iliyofunika masikio, kwa sehemu ndogo ya fedha ambayo spika zingekula. Hedifoni haina chumba. G yako na F yako zitakuwa sawa ndani yake, na utasikia mpiga besi wa kwenye rekodi anafanya nini hasa na mkono wa kulia: wapi ananyamazisha, wapi anaacha noti ining'inie. Hilo ni darasa tosha. Na ndiyo, iunganishe pia kwenye tundu la hedifoni la amplifaya usiku ukitaka kujifunza bila kuamsha watu. Ila iwe ya waya. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Ukichapa uzi halafu sauti ikaja baadaye, vidole vinapotea. Kutuma wimbo kutoka simu kwenda kwenye amplifaya kwa Bluetooth, halafu wewe unapiga kwa kebo juu yake, hakuna shida, kwa sababu unafuata unachokisikia.

Siku ukiongeza spika mbili za kusikilizia, kisha sabufa, tafuta mahali pa sabufa kwa njia ya ajabu lakini ya uhakika: iweke kwenye kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe tambaa sakafuni kuzunguka chumba. Pale utakaposikia noti zote zinalingana, hapo ndipo mahali pa sabufa.

Jambo la sauti ndogo pia nikuambie, kwa sababu litakupoteza kama halijaelezwa. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson, kwenye maabara za Bell, walipima jinsi sikio linavyosikia, wakaonyesha kwamba sauti ikishuka, besi ndiyo inayotangulia kupotea. Ukipiga kwa sauti ndogo chumbani, noti ya hezi 50 inahitaji desibeli zaidi ya 30 kuliko ya hezi 1000 ili uzisikie sawa. Ndiyo maana chumbani unapandisha besi, unapandisha sauti za juu, unachimba katikati, na unajisikia mfalme. Ukienda na mpangilio huohuo kwenye bendi, unapotea. Chini unapambana na ngoma ya mguu, juu unapambana na matoazi, na kule katikati, kati ya hezi 200 na 800, ambako besi hutambulikana kuwa besi, hakuna mtu nyumbani. Wapiga besi wengi wakifika hapo wanapandisha nobu ya chini. Kupandisha desibeli 6 ni kudai nguvu mara 4 kutoka kwenye amplifaya. Taa nyekundu inawaka, koni inatapatapa, na bado husikiki. Fanya kinyume: rudisha nobu zote katikati, punguza chini kidogo, ongeza katikati polepole mpaka mpiga kinanda ageuke kukutazama. Peke yake sauti hiyo itakuonekea kavu, hata mbaya. Ndani ya bendi ni nene.

Na inua kabineti. Spika iliyo sakafuni inapigia magoti yako, nawe unaongeza sauti wakati walio mbele wanaumia. Iweke juu ya kiti imara au iegemeze nyuma kidogo, ikuelekee usoni. Desibeli 3 ulizokuwa unatafuta kwa fedha mara nyingi zilikuwa hapo tu.

Masikio yako nayo ni sehemu ya vifaa. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 juu ya hapo hukata muda kwa nusu. Dramu kwenye chumba kidogo hupita 100 bila jitihada. Fanya hesabu mwenyewe, kisha vaa vizibo tangu wimbo wa kwanza.

Siku ya kununua, nenda na besi yako mwenyewe, si ya dukani, na nenda na mwenzako anayejua kupiga. Kama kifaa ni cha mkono wa pili, zungusha kila nobu usikilize mikwaruzo; bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa pande zote, irudi bila kukwaruza; kagua ukingo wake, maana wa sponji huoza kwa miaka hata kama spika haikutumika. Hakikisha volti zilizoandikwa nyuma ni za umeme unaotumia, na kama mtu amekata pini ya ati (ya ardhi) kwenye plagi, kiache kifaa hicho hapohapo. Mwanzoni sikiliza bila kupiga: mvumo mdogo ni wa kawaida, mkubwa usikubali kuelezwa. Halafu mpe mwenzako besi, apige E iliyo wazi, noti ndefu, akipanda uzi kwa uzi, nawe rudi nyuma hatua saba au nane. Hapo ulipo ndipo watu watakapokuwa wamesimama. Kama noti zote zinakufikia kwa uzito unaolingana, na unaweza kuitaja kila moja jina, kinunue. Kama moja inavuma peke yake, mwombeni muuzaji ruhusa, kisogezeni kifaa upande mwingine wa chumba, mwambie mwenzako aanze tena kutoka E.